Muulize Mwalimu: Wageni walipoondoka Wounded Knee, nani alibaki?

Mwalimu shikamoo,

Nakusoma siku nyingi ila kuandika ndio mara ya kwanza. Juzi baada ya Isha tulikua maskani hapa Likoni, kahawa inazunguka, kijana mmoja akatoa simu akaanza kutuonyesha picha za Wahindi Wekundu wa Marekani wamesimama na bunduki nje ya kanisa juu ya kilima, akasema hawa jamaa mwaka 1973 walishika kijiji kinaitwa Wounded Knee wakakaa ndani siku 71 na serikali ya Marekani na nguvu zake zote ikashindwa kuwatoa. Basi maskani ikachangamka, kila mtu wanaume wale, wanaume wale, utadhani Bandari imefunga bao.

Mimi nikanyamaza. Agosti 1997 zilipoanza zile fujo za hapa Likoni nilikua na miaka 9. Nyanya alitukusanya asubuhi tukavuka feri na nguo tulizovaa, tukakaa kwa ami yangu Majengo wiki tatu. Tuliporudi mlango umevunjwa, kuku hakuna, cherehani ya nyanya hakuna, na mpaka leo kwetu watu hubishana kama waliovunja ni wale waliokuja na silaha au ni askari waliokuja kuwasaka. Nyanya amekufa bila kujua. Sasa nikauliza pale maskani, jamani hicho kijiji si kilikua na watu wanaishi? Wenye nyumba walikua wapi hizo siku 71? Nikaambiwa niache kuharibu stori. Mwalimu, kwani naharibu stori?

*Mwana wa Likoni*

Marahaba mwanangu. Pole na nyanya, na pole na cherehani pia, manake najua cherehani kwa mama wa pwani si chuma tu, ni mfuko wake.

Stori huiharibu, umeuliza sehemu ambayo watu huiruka. Ntakujibu kwa urefu kidogo, vumilia.

Kwanza pahali penyewe. Wounded Knee iko ndani ya Pine Ridge, jimbo la South Dakota, na Pine Ridge ni rizavu, neno ambalo wazee wetu walilijua vizuri wakati wa mkoloni. Ndio eneo walilobakishiwa Walakota, kabila moja la hao Wahindi Wekundu, wa tawi la Oglala baada ya kunyang'anywa kwengine kote. Ukubwa wake karibu kilomita za mraba 9,000, yani unaweka Kwale yote ndani na nafasi inabaki. Na hapo hapo Wounded Knee, Desemba 29 mwaka 1890, jeshi la Marekani liliwamiminia risasi Walakota wa chifu Big Foot, wanaume, wanawake na watoto wachanga, waliokufa hukadiriwa kati ya 150 na 300, wakatupwa kwenye shimo moja juu ya kilima. Hilo kanisa mliloliona kwa simu lilikua ubavuni mwa kaburi hilo. Kwa hivo wale wa 1973 hawakuokota kijiji chochote tu njiani.

Chini ya kilima sasa ndio kulikua na maisha ya kawaida: nyumba za watu, makanisa, na duka moja kubwa la familia ya Gildersleeve, mume mzungu, mke wake Agnes ni Mojibwe, kabila jengine la kaskazini. Duka hilo ndilo posta pia, na ndilo jumba la makumbusho la watalii, mtu anakuja kununua kumbukumbu ya maiti za 1890 alafu anaendelea na safari. Wenyeji walikua na manung'uniko na hilo duka, deni na bei na vitu vilivyowekwa rehani. Wewe unamjua yule mwenye duka wa mtaa ambaye daftari lako la deni liko kwake, barua yako inapitia kwake, na hereni za mkeo ziko kabatini kwake zinangoja ukomboe. Humpendi. Lakini likifungwa unga unaupata wapi?

Sasa nani aliwaita wenye bunduki? Hapa ndipo watu wa maskani na wapinzani wao wote hukosea. Mwenyekiti wa kabila wakati huo alikua Dick Wilson, alichaguliwa 1972, na malalamiko juu yake yalikua yale yale tunayoyajua sisi, kazi kwa jamaa zake, pesa za kabila hazijulikani ziendapo, na anayepinga anatembelewa usiku. Alikua na kikosi chake, wapinzani wakakiita goon, yani majambazi, nao kwa ubishi wakalichukua jina wakasema ni kifupi cha Walinzi wa Taifa la Oglala. Watu wakaunda chama cha kutetea haki za raia hapo hapo Pine Ridge, Februari 1973 wakajaribu kumng'oa Wilson kwa mashtaka mbele ya baraza la kabila, ikashindikana.

Ndio tarehe 27 Februari wakakutana kwenye ukumbi wa Calico, wazee, machifu wa kimila akiwemo Frank Fools Crow, na wale vijana wa American Indian Movement, yani AIM, harakati ya kudai haki za Wahindi Wekundu, ambao wengi walitoka miji na makabila mengine. Na waliosukuma mambo hasa hawakua hao vijana wenye miwani na suka unaowaona kwa picha, walikua kina mama. Gladys Bissonette na Ellen Moves Camp, wenyeji, watu wazima, walisimama wakawaambia wanaume kwa maneno makali kwamba kama wao hawafanyi kitu basi wao wanawake watafanya. Usiku ule msafara wa magari, watu kama 200 hivi, ukapita mji wa Pine Ridge ambako serikali ilikua imejipanga na mifuko ya mchanga kulinda ofisi, haukusimama, ukaenda mpaka Wounded Knee.

Kwa hivo anayesema wageni walivamia Walakota, si kweli, walioita ni wenyeji. Ila na anayesema Walakota waliamua, pia si kweli, manake waliokua wamelala kwenye nyumba za kijiji chenyewe usiku ule hakuna aliyewagongea mlango kuwauliza. Mwenyeji aliwaita wageni wakaingia nyumbani kwa mwenyeji mwenziwe. Hilo ndilo jambo lote, na ukilielewa hilo mengine yote yanafuata.

Usiku ule ule duka lilikombwa. Chakula, risasi, bunduki za kuwindia, vitu vya makumbusho vya shanga vya zamani ambavyo vingi havikuonekana tena. Asubuhi serikali ikaziba barabara: FBI, mamarshali wa serikali kuu, polisi wa rizavu, magari ya deraya. Simu zikakatwa, baadaye umeme nao, na huo ni mwezi wa Machi ambapo huko kunaanguka theluji ya kufunika gari. Familia nyingi za kijiji zikatoka na walichoweza kubeba, wakaenda kulala kwa jamaa mjini Pine Ridge na vijiji jirani, kumi kwenye nyumba ya watu wanne, wewe hilo sihitaji kukueleza. Wengine wakabaki kulinda mali. Wengine wakajiunga. Nyumba moja unakuta kaka yuko ndani ya kijiji na bunduki na mdogo wake yuko nje kwenye kikosi cha Wilson, na mama yao katikati anawapikia wote wawili kwa zamu.

Ng'ombe wa watu walichinjwa, manake waliomo ndani lazima wale. Nyumba za watu zikawa za kulala wapiganaji. Usiku risasi na fataki za mwanga, nyasi zinashika moto. Na wakati huo huo, usisahau, ni Walakota wa vijiji vya jirani ndio waliokua wakiingiza chakula kwa miguu usiku, mfuko mgongoni, wanapita mabonde wanayoyajua tangu utoto katikati ya doria, wakikamatwa ni jela. Mtu hafanyi hivo kwa mgeni asiyemtaka.

Mwishoni mwishoni mwa Aprili ikafika pahali wakaaji waliopoteza nyumba pamoja na watu wa Wilson wakaweka kizuizi chao wenyewe barabarani, wakawa wanawarudisha hata wapatanishi wa wizara ya sheria ya Marekani. Mamarshali na wenye kijiji wakaelekezeana bunduki! Serikali imezingira waasi, na raia wameizingira serikali. Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka, alafu nikaona si la kuchekwa, ni watu wamechoka kungoja ruhusa ya kurudi kwao.

Tarehe 26 Aprili akapigwa risasi Buddy Lamont, umri miaka 31, Muoglala wa hapo hapo, alishapigana Vietnam kwa bendera ile ile ya waliomuua. Mama yake, Agnes Lamont, alikua na jamaa zake waliokufa kwenye mauaji ya 1890. Wakamzika juu ya kilima, karibu na lile shimo. Kifo chake ndicho kilichowachosha wazee wa ukoo, wakasema basi, na tarehe 8 Mei silaha zikawekwa chini. Kwenye jiwe la kaburi lake kumeandikwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema walikuja maelfu, mmoja bado yupo. Ukienda na maskani yako siku moja waonyeshe hilo.

Na nyumba? Wenyewe waliporudi walikuta milango imevunjwa, vitanda vimepasuliwa, vyombo havipo. Waliokua ndani wakasema ni maafisa waliokuja kupekua baada ya sisi kutoka. Maafisa wakasema tulikuta hivo hivo. Duka likawa majivu, halikujengwa tena, na posta ikaenda nalo. Kanisa la kwenye picha nalo halipo. Kwa hivo cherehani ya nyanya yako, mwanangu, ina wenzake wengi South Dakota.

---

Mwalimu, mimi nimesoma pahali kwamba walishika mateka 11 pamoja na mzee wa miaka zaidi ya 80, na pengine nimesoma hakukua na mateka yoyote. Ipi ni ipi? *Msomaji, Tudor*

Zote mbili zimesemwa na watu waliokuwepo, ndio tabu. Usiku wa kwanza watu 11 walizuiliwa, Agnes Gildersleeve na mumewe na jamaa zao na majirani, na ndio, mmoja alikua mzee wa zaidi ya miaka 80. Siku ya pili tatu hivi maseneta wawili wa South Dakota, George McGovern na James Abourezk, wakafika kuwatoa. Wakaambiwa mko huru tokeni. Baadhi wakakataa kutoka, wakasema hapa ni nyumbani kwetu, tukitoka sisi serikali itaingia na risasi na hakutabaki kitu. Wapiganaji wakalichukua hilo wakasema mnaona, hawakua mateka. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mtu amekaa sebuleni kwake analinda sahani zake kwa mwili wake mwenyewe, huyo hayuko huru eti kwa sababu mlango uko wazi. Ila pia si uongo kwamba waliogopa serikali kuliko waliowashika, na hilo linasema mengi juu ya serikali.

---

Asalam aleikum Mwalimu, mimi ni mama wa Kisauni, mwanangu wa fomu tatu ameniletea habari hizi na mimi nina swali moja dogo. Baada ya hao wenye bunduki kuondoka, hao wakaaji walipata kupumua? *Mama Kisauni*

Waaleikum salaam. La mama, hawakupumua, na hapa ndipo mimi huona siku 71 ndio zilikua sehemu nyepesi.

Fikiria hivi. Waliotoka mji wa mbali kama Minneapolis walirudi Minneapolis. Waandishi wa habari walirudi na kamera zao. Viongozi wakaenda mahakamani, zaidi ya watu 500 walikamatwa kwa jumla, kesi ya viongozi wawili wakubwa, Russell Means na Dennis Banks, ilifanyika mji wa St. Paul mwaka 1974, na jaji akaitupa kwa hasira manake upande wa serikali ulicheza rafu. Means alikua Muoglala lakini alikulia nje, Banks ni Mojibwe. Mahakama nzima ikashangilia. Vizuri sana. Sasa yule mama wa kijiji jirani cha Porcupine aliyebeba mfuko wa unga usiku, yeye anaishi hapo hapo, jirani yake ni askari wa Wilson, ofisi inayotoa kazi na nyumba na matibabu ni ya Wilson, na kila mtu anajua nani alikua upande gani. Atakwenda wapi?

Kuanzia 1973 mpaka 1976 Pine Ridge ikawa pahali pa kuogopa. Oktoba 1973 Pedro Bissonette, mmoja wa vichwa vya kile chama cha haki za raia, alipigwa risasi na polisi wa rizavu akafa. Gari zinafuatwa usiku, nyumba zinapigwa risasi, watu wanakutwa kandokando ya barabara. Familia za hapo zilihesabu waliouawa zaidi ya 60, wengi katika wapinzani wa Wilson, na FBI miaka mingi baadaye, mwaka 2000, ikatoa ripoti kujibu kwamba vifo vingi vilishachunguzwa au havikua mauaji ya siasa. Familia nyingi hazikuridhika na majibu hayo. Mimi najua tu kwamba watu wa pale walianza kulala chini ya kiwango cha dirisha, godoro sakafuni, na mtoto akifundishwa kulala hivo haulizi ripoti imesemaje.

Uchaguzi ukaja 1974. Raundi ya kwanza Russell Means akampita Wilson, raundi ya mwisho Wilson akashinda kwa kura zisizofika 200. Tume ya haki za raia ya Marekani ikachunguza ikakuta uozo mtupu, wapiga kura wasiostahili, vitisho, sanduku zisizolindwa, ikapendekeza urudiwe. Haukurudiwa. (Wakenya tusijifanye kushangaa.) Wilson alitoka 1976 kwa kura, akashindwa na Al Trimble, na hapo ndipo mambo yakaanza kupoa.

Katikati hapo Juni 26, 1975 kukawa na mapigano ya risasi karibu na kijiji cha Oglala kwenye shamba la familia ya Jumping Bull, wazee wawili wenyeji waliowakaribisha vijana wa AIM kukaa kwenye ardhi yao wawalinde. Maafisa wawili wa FBI wakafa, Jack Coler na Ronald Williams, na kijana mmoja wa AIM, Joe Stuntz. Leonard Peltier ndiye aliyefungwa kwa vifo vya hao maafisa, kesi ambayo watu wamegombania karibu miaka 50, na Januari 2025 rais Biden akampunguzia akamalizie kifungo nyumbani. Dunia nzima inalijua jina la Peltier. Lakini muulize mtu, ile nyumba ya Jumping Bull ilikuaje? Ilitobolewa risasi kila ukuta. Wazee hawa waliomba walinzi wakapata vita uani.

Na tusifiche la upande wa pili. Mwanamke wa AIM, Anna Mae Aquash, Mmikmaq kutoka Kanada, alikutwa amekufa huko Pine Ridge Februari 1976, risasi ya kichwa, na waliokuja kuhukumiwa miaka ya 2004 na 2010 ni watu waliokua ndani ya harakati wenyewe, walimshuku ni mpelelezi. Na ndani ya Wounded Knee yenyewe Aprili 1973 alipotea mwanaharakati mweusi Ray Robinson aliyekwenda kusaidia, mpaka mwaka 2014 ndio FBI ikathibitisha aliuliwa na kuzikwa pale pale. Mkewe na watoto walingoja zaidi ya miaka 40 kuambiwa. Hofu ya wapelelezi, ambayo FBI waliichochea kwa makusudi manake kweli walikua na watu wao ndani, iliwala wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hivo mama, kupumua kulikuja pole pole sana, na si kwa kila nyumba.

---

We mzee, mbona unaongea kama umelipwa na FBI? Hao ni mashujaa walipigania ardhi yao. Uko upande gani? *Mpwani Halisi*

Nimelipwa na gazeti hili, na kidogo.

Mashujaa ndio, sijakataa popote. Sikiza, kabla ya 1973 mtoto wa Kilakota alichapwa shuleni akiongea Kilakota. Januari 1973 kijana Wesley Bad Heart Bull alichomwa kisu na mzungu, muuaji akashtakiwa kosa dogo na mwisho akaachiliwa, mama wa huyo marehemu alipoandamana nje ya mahakama ya mji wa Custer akafungwa yeye, alikaa ndani miezi mitano. Wewe hapo ungebaki na adabu? Na mkataba wa Fort Laramie wa 1868 ulisema milima ya Black Hills ni yao, ikatwaliwa kwa sababu ya dhahabu, na mwaka 1980 mahakama kuu kabisa ya Marekani ikakubali ni wizi, ikawapa zaidi ya dola milioni 100, wakakataa kuzichukua mpaka leo, wanataka milima. Masikini wa nchi nzima wanakataa hela. Huo ndio ushujaa mimi naouvulia kofia, na haukua na bunduki.

Tena wenyeji wengi waliopoteza nyumba watakwambia wenyewe kwamba baada ya 1973 mtu aliweza kutembea kwenye miji ya wazungu ya mpakani bila kuangalia chini. Kabila limeifanya 27 Februari kuwa sikukuu, kila mwaka watu hutembea kwa miguu kutoka pande nne mpaka kilimani. Mwaka 1983 wakafungua redio yao, KILI, pale Porcupine, inatangaza Kilakota, matangazo ya mazishi na theluji na michezo ya shule, na walioianzisha wengi ni wale wale wa 1973. Mtu mmoja anaweza kukwambia nafurahi walikuja na akakwambia pia natamani wasingechukua nyumba ya mama yangu, asubuhi ile ile, na yote mawili yakawa kweli. Ukiniuliza upande, niko upande wa huyo.

---

Mwalimu, ni kweli muigizaji wa Hollywood alikataa tuzo kwa ajili yao? *Shabiki, Bamburi*

Kweli. Marlon Brando, Oscar ya Machi 1973, akamtuma dada Sacheen Littlefeather kuikataa jukwaani, ukumbi nusu ukazomea nusu ukapiga makofi. Waliokua ndani ya kijiji walifurahi sana, morali ilipanda. Waliolala kumi chumbani mjini Pine Ridge haikuwafaa kitu. Tuendelee.

---

Habari Mwalimu, mimi ni mtu wa ardhi, kwetu tuna kesi ya shamba na mwenye hatimiliki anaishi ng'ambo hatujawahi kumuona tangu babu. Swali langu, hicho kijiji cha Wounded Knee ardhi yake ni ya nani? Si ni rizavu, ni yao? *Mwenyeji bila hati, Mtwapa*

Wewe umegusa kidonda, na swali lako ndilo ningelitanguliza kama ningekua mhariri.

Jina rizavu linadanganya. Mwaka 1887 Marekani ilitunga sheria ya kukata ardhi za makabila vipande vipande, kila mtu na kipande chake na hati yake, na mwenye hati anaweza kuuza, na masikini mwenye njaa huuza. Ndio kipande cha Wounded Knee, ekari 40 zinazopakana na lile kaburi la 1890, kikawa cha watu binafsi. Kwa miaka mingi kilikua cha wenye duka, wale kina Gildersleeve, na mwaka 1968 familia nyengine ya kizungu ikanunua biashara na ardhi ikaishi pale, kina Gildersleeve nao wakabaki kijijini. 1973 nyumba yao ikaenda na moto wa mambo yale, wakahama, lakini hati walibaki nayo. Kwa hivo ukitoa hesabu, Walakota walipigana siku 71 juu ya ardhi ambayo kwa karatasi haikua yao, na walipotoka bado haikua yao. Kaburi la babu zako liko hapa, ukivuka hatua chache ni shamba la mtu.

Mwenye hati akakaa nayo miaka 40. Mwaka 2013 akaitangaza inauzwa, dola milioni 3.9, na mthamini alikua ameipa thamani ya dola 7,000 tu kama malisho ya ng'ombe. Yeye hoja yake ilikua mbili, kwamba ina historia na kwamba yeye hakulipwa fidia ya nyumba na biashara yake iliyoteketea. Kabila likasema hatununui damu yetu kwa bei hiyo. Na hapo Walakota wenyewe wakagawanyika tena, kuna waliosema tulipe tumalize na kuna waliosema hata senti moja ni matusi. Mimi nikikumbuka vikao vya mashamba vya hapa Kilifi nawaelewa wote wawili.

Mwisho Septemba 2022 makabila mawili, Oglala na Cheyenne River, manake wengi wa waliouawa 1890 walitoka upande huo wa Cheyenne River, wakakubaliana kuinunua kwa dola 500,000. Oglala walitoa 255,000, wenzao 245,000. Hati ikaandikwa jina la Oglala, na wakawekeana sharti kwamba pabaki pahali patakatifu, hapajengwi biashara.

Kwenu Mtwapa nakushauri kitu kimoja, tafuta nakala ya ile hati ya kwanza kabisa kwenye ofisi ya ardhi, msiende kortini na maneno ya babu peke yake. Alafu niandikie wamekwambiaje.